Picha za Nairobi na kopo la biskuti

Jumatatu

Pale stesheni ya treni ya Miritini, Mombasa, mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria mkarudi nyuma, mbwa akapita akinusa begi moja moja. Langu lilikuwa dogo kuliko yote. Mama mmoja aliyesimama kando yangu akaniuliza kama kweli nasafiri au nimekuja kusindikiza mtu.

Laptopu nimeiacha nyumbani. (Wasoma habari huiita kipakatalishi. Mimi sijawahi kumsikia fundi hata mmoja akilitamka neno hilo.) Ukijumlisha na chaja yake ina uzito wa kilo mbili na nusu, betri imekufa, ukichomoa waya inazima palepale. Safari ya Lamu niliibeba siku nne nikaifungua mara moja tu, tena ili kuhamisha picha. Kubeba kinu kizima kwa ajili ya kutwanga iliki mbili! Niliapa sirudii.

Basi mara hii nimechukua simu yangu ya Android yenye nafasi ya GB 128, kadi mbili za kamera za GB 64 kila moja, kisoma kadi, na diski ya SSD ya GB 500 ambayo ni ndogo kuliko sabuni ya kuogea. Vyote vinaingia mfuko mmoja wa koti. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, lakini wiki hii ni ya kwangu mwenyewe: naenda kwa Shangazi, Pumwani, Nairobi, na nitapiga ninachotaka bila bibi harusi wa kunihimiza.

Nashukuru nilijaribu vifaa kabla ya kuondoka. Diski ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa NTFS, ule wa Windows, na simu ikaniambia haiitambui. Nikaifomati upya kwa exFAT kwenye kompyuta ya jirani, ikakubali. FAT32 ya zamani nayo husomwa karibu na kila kifaa, ila haipokei faili moja linalozidi GB 4, na video ndefu hufika hapo upesi. Haya ni mambo ya kumalizana nayo nyumbani. Ukiyakuta ugenini usiku utalia.

Treni iliondoka saa mbili asubuhi. Tsavo tuliwaona ndovu, wekundu kwa lile vumbi lao, na behewa zima likahamia upande mmoja. Nilipiga 94. Nusu yake imeingia uso wangu kwenye kioo cha dirisha, lakini sikufuta hata moja. Sina mazoea ya kufuta picha kwenye kamera huku chombo kinayumba, kidole huteleza.

Syokimau, stesheni ya Nairobi, tulifika alasiri, baridi ya Julai ikatupokea mlangoni. Shangazi alikuwa amenipikia mahamri kana kwamba Mombasa hayapatikani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kibegi tu, au wewe ni wa kurudi kesho?"

Usiku nilifanya kazi niliyoipanga. Simu yangu ina tundu moja tu, kwa hiyo nilichomeka kisoma kadi kwanza, picha zikaingia kwenye simu. Nikakichomoa, nikachomeka diski, nikazinakili kutoka kwenye simu kwenda kwenye diski. Kamera yangu huandika kila picha mara mbili, faili ghafi (picha ambayo kamera haijaibana) la kama MB 28 na JPEG, ile ya kawaida iliyobanwa, ya kama MB 10, hivyo picha 94 ni faili 188, GB tatu na nusu hivi. Zote zikafika. Nikalala.

Jumanne

Juu ya KICC, lile jumba refu la mikutano, upepo ulitaka kuninyang'anya buibui. Jengo lile lilifunguliwa 1973, na ukisimama kwenye uwanja wake wa helikopta unaona mji wote ulivyojazana, halafu upande wa kusini ghafla majani matupu: ndiyo mbuga ya wanyama. Nikamwambia Shangazi kwa simu kwamba kesho tunaenda kule. Akacheka. Miaka arobaini na kitu yuko Nairobi, hajawahi kuingia.

Kutoka pale nilishuka hadi Nyaraka za Taifa. Jengo lenyewe lilikuwa benki enzi za ukoloni, na sasa ukumbi wa chini umejaa vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya: vinyago, nguo, vito, vitabu, stempu. Nilikaa humo karibu saa mbili. Mtu mmoja alikusanya vyote vile kwa mapenzi yake, na mimi nahangaika na kadi mbili.

Mtaani nje, Moi Avenue, nilikumbuka safari yangu ya 2007. Wakati huo nilikuwa na kamera yangu ya kwanza ya dijitali, na dawa ya kila msafiri ilikuwa moja: unaingia saiba, unampa kijana kadi yako, anakuchomea CD. CD moja ilibeba MB 700, ikatosha wiki nzima. Nikalipa, nikafuta kadi, nikarudi Mombasa kifua mbele. Ile CD ilisomeka hadi katikati, kisha ikaanza kulia ndani ya mashine kama panya aliyebanwa. Nusu ya pili ya safari ile sinayo mpaka leo. Kijana hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyefuta kadi kabla ya kuifungua CD.

Ungedhani nilijifunza.

Kabla ya kurudi Pumwani nilinunua kwenye meza ya barabarani kigawanyo, kile kidude kinachochomekwa kwenye simu kikaipa matundu matatu. Kwa hicho naweza kuchomeka kadi na diski kwa pamoja, picha zikapita moja kwa moja bila kujaza simu. Muuzaji alitaja elfu moja, tukavutana hadi mia sita. Sikukitazama vizuri. Hakikuwa na tundu la kuingizia chaja. Lishikeni hilo.

Jioni kaka yangu alipiga simu kutoka Mombasa na ushauri wake: "Kwa nini usinitumie tu kwa WhatsApp, mimi nikakuwekea?" Nikamweleza kwamba WhatsApp huikamua picha. Ya MB 10 hufika ikiwa kilobaiti mia chache, nzuri kutazama kwenye simu, lakini ukiichapisha kwa ukubwa wa ukuta utaona vumbi. Labda nitume kama hati, si kama picha, hapo haiguswi. Lakini faili mia mbili kama hati kila usiku, na yeye azipange? Namjua kaka yangu.

Nikapima intaneti ya nyumbani kwa Shangazi. Kushusha ni haraka, lakini kupandisha ilikuwa megabiti 5 kwa sekunde, yaani GB moja kwa dakika ishirini na saba hivi. Picha zangu 117 za leo zikiwa na ghafi zake ni zaidi ya GB 4, zingekula saa mbili. JPEG peke yake, nusu saa. Nikaamua JPEG ziende Google Photos na ghafi zibaki kwenye diski. Akaunti ya bure ni GB 15, na humo barua pepe nazo zinakaa. Ile enzi ya kuweka picha bila kikomo ilikwisha Juni 2021. Kwa wiki moja, JPEG zangu zitaenea kwa kubanana.

Jumatano

Tuliingia mbugani kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi, Shangazi, na binamu yangu kwenye usukani. Shangazi alivaa koti la mumewe marehemu na kujifunika kanga mbili juu yake.

Mbuga hii ni ya 1946, ya kwanza nchini, kilomita 117 za mraba, na ina ua pande zote isipokuwa kusini, ambako wanyama hutoka na kuingia. Swali la kwanza la Shangazi lilikuwa: "Ndovu wako wapi?" Binamu akamwambia mbuga hii haina ndovu, ila wale watoto yatima wanaolelewa pembeni. Shangazi akageuka kunitazama kana kwamba nimemuuzia kanga ya mtumba. Ilibidi nimwonyeshe kwenye simu wale wa Tsavo wa juzi ndipo akatulia. Lakini vifaru aliwaona wawili, na twiga akipita chini ya daraja refu la reli. Hapo Shangazi alishika mkono wangu akasema neno moja tu, "Subhanallah," na mimi nikabonyeza, na kubonyeza, na kubonyeza.

Mwisho tulisimama penye jivu la pembe. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto pale akateketeza tani 12 za pembe za ndovu. Aprili 2016 zikachomwa nyingine tani 105. Shangazi aliukumbuka ule wa kwanza kwa redio. Akasimama mbele ya lile rundo la jivu, mikono ameifumbata ndani ya kanga, majengo ya mji yakiwa kwa mbali nyuma yake madogo kama vibiriti. Alikuwa hacheki. Kwa kawaida ukimwelekezea kamera hujikausha kama picha ya kitambulisho, lakini pale alikuwa amesahau kwamba nipo. Nilipiga kumi na nne za namna ile. Nilijua papo hapo kwamba ndizo picha za safari.

Jumla ya siku: 306. Faili 612.

Usiku nilichomeka kigawanyo changu kipya, kadi upande huu, diski upande huu, nikachagua zote, nikagusa "nakili". Mstari ukaanza kutambaa. Simu ilikuwa na asilimia kumi na nane. Shangazi akaita chakula, na mchuzi wa nazi wa Shangazi hauitwi mara mbili. Nikaiacha juu ya kitanda.

Niliporudi simu ilikuwa imezima. Nikaichaji, nikachomeka diski, folda ya Jumatano ipo. Nikafungua picha ya kwanza: jua likichomoza. Ya pili, ya tatu: pundamilia. Nikasema alhamdulillah. Intaneti ya nyumba ilikuwa imelala usiku huo, kwa hiyo mawinguni hakikupanda kitu.

Alhamisi

Nina desturi moja ya kazini: kila harusi na kadi safi. Asubuhi ya shughuli naifomati kadi ndani ya kamera kabla ya kugusa kitu kingine, ili nisije nikachanganya mabibi harusi wawili. Kidole kimezoea. Alhamisi asubuhi, nikiwa nimesimama nje ya soko la Kariokor, kidole kilifanya desturi yake.

Kariokor ni pahali pa kupiga picha hasa. Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Waingereza waliita Carrier Corps, ulimi wetu ukalitengeneza. Wapagazi wale walibeba vyakula na risasi kichwani kwa mamia ya maili, na wengi hawakurudi. Leo pale ni viondo, viatu vya ngozi na vya matairi, shanga, na moshi wa nyama choma kutoka upande wa pili. Fundi mmoja wa viatu alinikatalia picha ya uso akakubali ya mikono, na mikono yake ilikuwa na hadithi kuliko uso wowote. Nilipiga 52 tu. Nilikuwa naona zaidi kuliko kupiga.

Baada ya magharibi Shangazi alitaka kuiona picha yake ya penye jivu. "Hebu nionyeshe nilivyotoka." Nikafungua diski, nikateremka hadi chini ya folda.

Ya mwisho ilikuwa twiga. Twiga wa nusu: kichwa na shingo vizuri kabisa, halafu kuanzia kifuani kwenda chini, kijivu kitupu.

Nikahesabu. Faili 371.

Nilihesabu tena, kana kwamba hesabu ingenionea huruma. Kumbe simu ilikuwa ikijilisha yenyewe, ikalisha diski na kadi pia, na haina pa kuchajiwa. Ikaishiwa nguvu katikati ya twiga, nami niko mezani natia nazi kwenye wali. Na mimi nilifungua picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikufungua ya mwisho. Sikuhesabu. Na kadi nimeifuta kwa mkono wangu, na juu yake nimepiga 52.

"Zimeharibika?" Shangazi akauliza.

"Zimekwama kidogo, Shangazi."

Akanitazama. "Usinidanganye mwanangu. Sema zimepotea."

Jambo moja nililifanya sawa, na nililifanya kwa woga, si kwa akili: niliitoa ile kadi kwenye kamera, nikakisukuma kile kikufuli kidogo cha pembeni kikae pahali pa kufunga, nikaifunga ndani ya leso. Nikaingia kulala bila kulala.

Ijumaa

Binamu alinipeleka Luthuli Avenue. Barabara ile imepewa jina la Albert Luthuli, yule Mwafrika Kusini aliyepata tuzo ya Nobel ya Amani ya 1960, lakini ukimtaja Luthuli kwa mtu wa Nairobi atafikiri unataka spika. Maduka yamesongamana ghorofa juu ya ghorofa, redio ishirini zinaimba nyimbo ishirini, na kila baada ya hatua tatu kuna kijana: "Dada, unatafuta nini? Simu? Kioo? Chaja?" Mmoja alinionyesha flashi ya TB 2 kwa elfu moja na mia tano. Binamu akanivuta mkono. Flashi za namna hiyo ndani yake mna nafasi ndogo tu, ila zimefundishwa kujisema kubwa. Ukijaza zikafika ukomo wake wa kweli, huendelea kupokea huku zikiandika juu ya ulichoweka kwanza, na orodha ya majina itakuonyesha yote yapo. Utaujua uongo siku ya kufungua.

Fundi wa binamu yuko ghorofa ya pili, chumba cha upana wa kitanda. Mtu mzima kidogo, miwani ameifunga na uzi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza maswali mawili: umepiga ngapi baada ya kufomati, na kadi imeguswa tena tangu hapo?

"Hamsini na mbili. Haijaguswa."

Akaigeuza kadi, akaona kikufuli kimefungwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Akanieleza kwa mfano wa daftari la karani. Kufomati kule kwa haraka ndani ya kamera hakufuti picha. Kunachana ukurasa wa orodha tu. Picha zimekaa zilipo, ila kamera haijui tena ziko wapi na inahesabu pale ni pahali patupu. Kitakachozimaliza ni kuandika kitu kipya juu yake. "Sasa dada, kamera ikikuta kadi tupu huanza kuandika wapi?"

"Mwanzo?"

"Kwa kawaida, mwanzo. Hizo zako za jana zimekalia zile za mwanzo za juzi. Na za mwanzo si ndizo ulizo nazo kwenye diski?"

Nilihisi magoti yanalegea. Picha 52 za Kariokor ni kama GB 2. Zilizofika kwenye diski zilikuwa GB 7. Zilizonikosa zilikuwa mbele ya hapo zote, kule mwisho wa siku, penye jivu. Kama Alhamisi ningekuwa na tamaa nikapiga mia mbili zaidi, zingeanza kumla twiga.

Alitumia programu iitwayo PhotoRec, ambayo ni ya bure na haitaki hata kununua leseni. Haitazami orodha, inapitia kadi yote kuanzia mwanzo hadi mwisho ikitafuta alama ambazo faili la picha huanza nazo. Kadi ya GB 64 ilichukua karibu saa nzima. Binamu aliondoka kwenda kuswali Ijumaa, mimi nikabaki kwenye stuli nikiangalia tarakimu zikipanda. Sikutaka kuiacha kadi yangu mikononi mwa mtu nisiyemjua hata dakika moja, ingawa yeye mwenyewe hakunipa sababu ya kumtilia shaka.

Na vyema sikuondoka.

Kwa sababu tulipofungua folda, pundamilia walikuwa watatu, kisha, bila salamu, bibi harusi. Kichwa wazi, mabega wazi, hina hadi kwenye viwiko, amekaa kwenye jukwaa la kupamba, na nyuma yake wanawake wamejivua mabuibui wanacheza. Harusi ya Mombasa, ya Mei. Niliyoikabidhi kwa wenyewe, nikaifuta kwenye kadi, nikaihesabu imekwisha. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua: kupamba ni shughuli ya wanawake watupu, simu huachwa mlangoni, na mimi hupewa kazi ile kwa kuwa ni mwanamke na kwa kuwa wananiamini. Na hapa niko ghorofa ya pili Luthuli, na mwanamume ameketi mbele ya skrini.

Sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema "La!" tu, kwa sauti. Fundi akawa amekwisha kugeuza uso ukutani. Akainuka, akanipisha kiti, akasema, "Keti wewe. Mimi nasimama mlangoni. Ukimaliza kuchagua niite." Akasimama kwenye ukumbi amenipa mgongo, akampigia kelele muuza chai.

Ile heshima sijui niilipe vipi.

Nilikaa mwenyewe zaidi ya saa moja. Picha zilizookolewa huwa zimepoteza majina, zimebaki na herufi na namba ndefu zisizo na maana, harusi na simba zimechanganyika. Lakini tarehe na saa ya kupigwa huandikwa ndani ya picha yenyewe, hiyo haipotei, kwa hivyo nilizipanga kwa tarehe na Jumatano ikajikusanya upande mmoja. Nilihitaji 242, pamoja na twiga mzima. Nilihesabu 242. Nikafungua ya mwisho, halafu ya kabla yake, halafu nyingine, hadi nikamfikia Shangazi na kanga zake.

Zile za harusi nilizifuta kwenye mashine yake, na nilipomwita akanionyesha jinsi ya kujaza ile sehemu tupu kwa takataka ili zisiweze kuchimbuliwa tena. Kufuta tu kusingetosha. Si ndiyo kwanza tumeona? Nikawaza kadi nilizowahi kuuza. Mbili. Moja sijui hata ni nani aliyeinunua. Hilo linanikaa rohoni hadi naandika hapa.

Kamera leo haikutoka begini.

Jumamosi

Nilinunua kigawanyo kingine, chenye tundu la chaja. Nilinunua pia flashi ya GB 128 kwenye duka linalotoa risiti, na kabla ya kuiamini niliijaza mpaka ikasema basi, nikafungua faili za mwanzo, za kati na za mwisho. Ikachukua mchana kutwa. Shangazi aliniuliza kama nimekuja Nairobi kutembea au kuwachunga hao wadudu.

Utaratibu wangu sasa ni huu, na unanichukua dakika ishirini: simu ichomekwe kwenye umeme, kadi iende diski, kadi iende flashi. Nahesabu faili pande zote tatu. Nafungua ya mwisho. Ndipo naenda kula. JPEG zinapanda mtandaoni nikiwa nimelala, intaneti ikikubali. Kadi hazifutwi tena hadi nifike nyumbani, harusi au si harusi. Kwani kadi ni bei gani?

Alasiri tulikwenda studio moja upande wa River Road kuchapisha ile ya penye jivu, ukubwa wa karatasi ya A4. Mwenye studio alitaka kumfanya Shangazi mweupe kidogo kwa kompyuta. Shangazi akamuuliza kama yeye ameugua macho. Picha ikatoka na rangi yake. Alipofika nyumbani aliisimamisha kando ya redio, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Sasa hii haihitaji waya."

Niliwapiga picha 37 pale uani, yeye na majirani zake.

Jumapili

Nilipanga kugawa. Diski nakwenda nayo mimi mfukoni. Kadi zimo begini ndani ya leso. Flashi nimemwachia Shangazi, ili treni ikinifanyia lolote, au mimi mwenyewe nikijifanyia, kuwe na nyumba nyingine yenye picha. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia ndani ya kopo la biskuti pamoja na nyuzi na vifungo, akafunga kifuniko. Nilifurahi kuona kopo. Kopo halina betri.

Syokimau mbwa akanusa begi langu akapita. Faili 1,212 kwenye diski, 1,212 kwenye flashi.

Tulikuwa tumekaribia Voi simu ilipolia.

"Mwanangu, umefika wapi?"

"Voi, Shangazi."

"Haya. Kile kidude chako nimekitoa kwenye kopo, watoto wa jirani wanapenda biskuti. Nimekiweka mahali pazuri zaidi."

"Mahali gani, Shangazi?"

Kimya. Nikasikia kabati likifunguliwa, likafungwa. Droo. Kabati jingine.

"Wewe endelea na safari," akasema. "Nitampigia simu ndugu yako aje tukitafute."